Siku Binti Yangu Alipojibu Yote Sawa

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi, na kwa miaka miwili mizima nilimkasirikia mwalimu wa watu bila kosa. Alikuwa akifundisha mwaka wa kwanza katika shule ya mlimani kwetu, maana huku kijiji tunakiita mlima, pale Gasorwe, na kila mwisho wa mwaka aliniita akaniambia jambo lile lile: binti yako arudie darasa. Mara ya kwanza nilimjibu kwamba mtoto wangu hana shida, shida ni lugha. Nyumbani tunazungumza Kiswahili kwa sababu mimi na baba yake tulikulia kambini Tanzania, na shuleni wanafundisha kwa Kirundi. Mwalimu alinitazama akasema, "Lakini mama, Kirundi anakisema kunishinda mimi." Ilikuwa kweli. Binti yangu amezaliwa hapa, anagombana kwa Kirundi, anaota kwa Kirundi. Nilijua ni kweli na bado niliondoka pale nimenuna, nikaenda kuwaambia majirani kwamba walimu wa huku hawawapendi watoto wa waliorudi kutoka Tanzania.

Ukweli niliokuwa naukimbia ni huu: binti yangu alikuwa na miaka tisa na hakuweza kusoma hata neno moja. Mjinga hakuwa. Ukimtuma sokoni vitu saba alileta saba, na mahubiri ya Jumapili aliweza kukurudishia Alhamisi, pamoja na kikohozi cha mchungaji. Lakini herufi zilimkataa. Leo mwalimu anamwonyesha moja, anaijua. Kesho anaitazama kama mtu asiyewahi kukutana naye. Darasani alikaa nyuma kabisa, magoti yamegusa dawati, katikati ya watoto waliokuwa wakimfika kwapani.

Mwaka wa pili ulipoisha mwalimu mkuu alisema mara ya tatu haitawezekana, apishe wengine. Mume wangu alikuwa na jibu tayari. Dada yake anayekaa Buraza, upande wa Gitega, alikuwa amejifungua na anatafuta msichana wa kumshikia mtoto. "Aende," alisema. "Mimi niliacha shule mwaka wa tatu, na shamba langu nalima." Mume wangu si mtu mbaya, lakini ana tabia ya kufunga mazungumzo kama mtu anayefunga duka. Nilimwambia kwamba msichana wa miaka tisa akienda kushika mtoto wa watu, anarudi ana miaka kumi na nane na mtoto wake mwenyewe mgongoni.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja Mkongomani wa Kivu ya Kusini, muuza vitenge, ambaye siku za soko la Muyinga tunakaa jirani, yeye na vitenge vyake na mimi na maharagwe yangu. Alikuwa amemwona binti yangu mara nyingi. "Mi nakuambia," alisema, "hii mutoto iko na akili mingi. Ni kusoma tu ndiyo inamukatala. Pale Gitega iko shule ya Leta, ya batoto ba vile. Banabafundisha polepole, banalala palepale. Sasa we unangoja nini?"

Leta ni serikali. Shule ya serikali, ya watoto wa vile. Neno "vile" lilinichoma. Nilimjibu kwamba mwanangu si mgonjwa, na kwamba yeye auze vitenge, watoto wangu aniachie mwenyewe. Hakukasirika. Aliendelea kukunja vitenge vyake, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Wiki iliyofuata nilikaa pale mpaka saa nne sijamwambia kitu, halafu nikamuuliza, macho yangu yakiwa kwenye maharagwe, hiyo shule iko sehemu gani ya Gitega.

Alikuwa na mteja wake huko ambaye mtoto wake anasoma hapo, akamuuliza kila kitu kwa simu. Wanapokea watoto mpaka miaka kumi, basi. Wangu alikuwa anatimiza kumi mwezi wa kumi na mbili, kwa hiyo huo ndio mwaka wake wa mwisho. Kuna siku moja ya mahojiano, wiki ya kufungua shule. Nafasi ni chache, na anayepokelewa anabaki siku ileile kwa sababu wazazi wanatoka mbali. Na maswali yenyewe? Hayo pia aliyapata. Rangi, miezi, kuhesabu hadi ishirini na kurudi nyuma, kuandika jina, halafu ukurasa mmoja wa kusoma kutoka kitabu cha mwaka wa kwanza, ule wa mbuzi wa bibi aliyetoroka.

Sasa nieleze jambo ambalo asiyekulia kambini hawezi kulielewa. Kambini maisha yote yalipitia mezani. Mgao wa chakula, kadi, ruhusa ya kutoka, safari ya kwenda nchi nyingine: kila kitu kilikuwa na meza, na nyuma ya meza mtu mwenye karatasi anayekuuliza. Kila mahojiano yalipokaribia, baba yangu alikuwa akitupanga mstari mbele ya nyumba na kutuhoji yeye kwanza. Mlitoka mlima gani? Mlivuka mto mwezi gani? Nani alifia njiani? Tulijibu kwa mdomo mmoja, hata mdogo wangu aliyezaliwa palepale kambini alikuwa akieleza jinsi alivyovuka mto. Anayebabaika anaharibu faili la wote. Baba alisema mbele ya meza hakuna "sijui". Ndivyo nilivyolelewa, na sikuwahi kukaa nikajiuliza kama meza zote duniani zinataka kitu kimoja.

Kwa hiyo nilikaa wiki tatu nikimfundisha mtoto wangu aonekane anaweza, ili apokelewe katika shule ya wasioweza. Ukinisikia sasa utacheka, na una haki. Wakati ule sikuona kichekesho chochote. Nafasi ni chache, nilijiambia, basi watachukua waliojibu vizuri. Kuna mtihani gani usio hivyo? Tulihesabu tukipalilia. Tulitaja miezi tukiteka maji. Kitabu nilikiazima kwa mtoto wa jirani, nikamsomea ule ukurasa wa mbuzi mistari sita, mpaka akaushika wote, na nikamfundisha kupitisha kidole chini ya maneno, mwisho wa mstari akirudishe mwanzo, kama wasomaji wanavyofanya. Kwake nilisema ni marudio tu, kama watoto wote kabla ya mtihani. Jina lake alilichora kama mtu anavyochora nyumba. Baada ya wiki tatu hata mimi ungenikuta ghafla ungenidanganya kwamba anasoma.

Mume wangu alitazama haya yote. Jioni moja kabla ya safari aliweka sharti lake. "Wakimchukua, sawa, mimi sitakuwa na neno. Wakimkataa, usimrudishe hapa kuja kukaa bure. Gitega na Buraza si mbali. Umpeleke kwa dada yangu, urudi peke yako." Nilikubali kwa sababu bila kukubali tusingetoka nyumbani. Nikafunga mkoba mmoja: nguo, sabuni, shuka, kandambili. Mkoba wa shule na mkoba wa kwenda kulea mtoto wa watu ulikuwa ni uleule. Mtoto sikumwambia habari ya Buraza.

Tulipita njia ya Karuzi, na kwa shida ya petroli ilivyokuwa tulifika Gitega jua linazama, tukalala kwa yule mteja wa vitenge. Asubuhi saa mbili tulikuwa tumekaa kwenye benchi la shule, sisi na wazazi wengine kama ishirini, kila mmoja na mtoto wake na mkoba wake. Watoto wa zamani walikuwa uani. Mmoja alikuwa akizunguka mti huku akipiga makofi, hakuchoka. Msichana mkubwa alikuja akamshika binti yangu nywele, akazinusa, akaenda zake. Nilisikia aibu, na nikiri kwamba haikuwa aibu kwa ajili yao. Nilijiuliza: hapa ndipo ninapomleta wangu, anayenirudishia mahubiri neno kwa neno? Nikawa na hamu ya kuondoka. Halafu nikaikumbuka Buraza, nikatulia.

Tulipoitwa, ndani tulimkuta mwalimu mmoja mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Kila mtu alimwita madamu. Alinionyesha kiti cha nyuma, karibu na ukuta. "Bon, mama, wewe kaa pale, usimsaidie." Nikakaa. Mikono yangu niliikalia, maana najijua.

Mtoto alijibu rangi. Alijibu miezi. Akahesabu kwenda na kurudi bila kupumzika. Akachora jina lake. Madamu akavaa miwani, akampa ukurasa wa mbuzi, na binti yangu akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma mistari yote sita kwa sauti ya kanisani, mwisho wa mstari anarudisha kidole, wala hakukosea. Mimi midomo yangu ilikuwa inatembea pamoja naye.

Madamu alivua miwani, akatabasamu. "Mama, huyu mtoto anasoma vizuri," alisema.

Naomba niseme ukweli wote: nilifurahi. Kwa pumzi moja au mbili nilifurahi kuliko siku nyingine yoyote ya uzazi wangu. Mtu wa serikali, nyuma ya meza, amesema binti yangu anasoma vizuri. Nilitaka yule mwalimu wa Gasorwe awepo asikie. Kisha madamu akaendelea, kwa upole, akiwa ameshachukua kalamu. "Donc, mahali pake si hapa. Nafasi hizi ni za wale wanaoshindwa kabisa. Huyu alichelewa tu kidogo. Umrudishe shule ya kawaida, atafika." Akapiga mstari kwenye karatasi, akamshika mtoto bega kumpongeza, akaita mwingine.

Tulitoka. Binti yangu alikuwa akirukaruka. "Nimejibu yote, mama."

"Umejibu yote."

"Sasa kitanda changu kiko wapi?"

Nilimwambia angoje kwanza, tuna safari ndogo. Mpaka leo sielewi miguu yangu ilinifikishaje barabarani. Akili ilikuwa imeganda kwenye neno moja, sharti, na mimi ni mtu ambaye nikikubali jambo ninalifanya hata kama linaniua. Gari la kwenda Buraza lilikuwa limesimama, dereva akiwahimiza watu kwamba petroli aliyopata ni ya safari moja tu, leo hakuna nyingine. Akaupokea mkoba wetu, akaufunga juu na magunia. Binti yangu akauliza, "Shule ina nyumba nyingine huko?" Abiria mmoja akacheka.

Hapo ndipo nilipolijua kosa langu, siyo kidogokidogo bali lote kwa mara moja. Sikuwa nimeshindwa na madamu wala na umaskini wala na mume wangu. Nilikuwa nimemfundisha mtoto wangu mwenyewe kuufunga mlango pekee uliokuwa wazi, na akaufunga vizuri kwa sababu ni mtoto msikivu. Waswahili wanasema mficha uchi hazai. Nilikuwa nimelisikia tangu utotoni, nikidhani ni la wanawake wanaoogopa wakunga.

"Shusha huo mkoba," nilimwambia dereva. Akasema nimchezee mwingine, ameshaufunga. Akaniambia na mengine, nami nikamrudishia yake na nyongeza juu, mpaka abiria wakaanza kunisaidia. Mkoba ukashuka. Gari likaondoka, na pamoja nalo njia ya kutimiza ahadi yangu siku ile.

Shuleni benchi lilikuwa limebaki na wazazi wanne. Sikungoja zamu. Niliingia na mtoto mkononi, mzazi aliyekuwa ndani akanuna, nikamwomba radhi, nikasimama mbele ya ile meza.

"Madamu, nimekudanganya."

Alinitazama juu ya miwani. "Mama, kila mwaka kuna wazazi wanaorudi hivi. Wanaona wenzao wamepata. Asubuhi mtoto amenisomea ukurasa mzima, wewe ukiwepo. Sasa nimwamini nani, wewe au masikio yangu?"

Nilimweleza kila kitu: wiki tatu, kitabu cha jirani, kidole. Nilimweleza hata habari za baba yangu na mstari mbele ya nyumba, ingawa nilikuwa nababaika. Alisikiliza, lakini kalamu hakuishika. Kisha akasema, "Bado hujaniambia kitu chenyewe. Mtoto wako ana shida gani?"

Binti yangu alikuwa amesimama pale, mkono wake ndani ya mkono wangu. Nilimwomba madamu mtoto atoke kwanza. Akakataa. "Yeye ndiye atakayekaa hapa, si wewe," alisema. "Sema akiwepo."

Miaka miwili nilikuwa nimezungukazunguka na lugha, na walimu, na Tanzania. Hata kwa mume wangu kitandani sikuwa nimelitamka. "Mwanangu hajui kusoma," nilisema. "Hajui hata herufi moja." Mkono wa mtoto ukalegea, ukatoka ndani ya wangu.

Madamu akafungua droo, akatoa ukurasa mwingine, hauna picha, mistari minne tu. Akauweka mbele yake. "Nisomee na huu."

Binti yangu aliutazama. Akanitazama mimi. Nilijua anachongoja, nami sikujua jinsi ya kukirudisha nilichompa. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza, kwa ile sauti ya kanisani: mbuzi wa bibi ametoroka. Kidole kikatembea. Mstari wa kwanza, wa pili, anarudisha mwanzo kama nilivyomfundisha. Mstari wa nne ukaisha na mbuzi bado hajakamatwa. Kidole kikashuka kutoka kwenye karatasi, kikaendelea juu ya mbao za meza, polepole, na yeye akawa anasoma pale ambapo hapakuwa na kitu.

Yule mzazi aliyenuna akainamisha kichwa. Sikuweza kuvumilia.

"Acha, mwanangu," nilimwambia. "Mwambie tu madamu kwamba hujui."

Akaacha. Kidole kilibaki palepale mezani. "Sijui," alimwambia madamu, kwa sauti ndogo sana, kisha akalirudia kwa sauti ya kawaida, kana kwamba analijaribu. "Sijui kusoma."

"Vizuri," alisema madamu. "Hapo sasa tunaweza kuanza." Akachukua ile karatasi ya asubuhi, akaandika upya chini ya mstari alioupiga, akagonga muhuri. Zilikuwa zimebaki nafasi mbili, na moja ikawa yake. Akaniambia nimpeleke kwenye bweni la wasichana, mlango wa pili baada ya jiko.

Tulivuka ua. Alitangulia, hakunipa mkono wake, na sikumlazimisha. Nilifikiri amenichukia kwa kumwaibisha mbele za watu, na nilikuwa natafuta maneno ya kumwomba msamaha, kazi ambayo sijaizoea. Mlangoni pa bweni alisimama akageuka.

"Kumbe ulikuwa unajua kwamba sijui kusoma?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ule mwaka wa kwanza."

Alifikiri kidogo. Uso wake haukuwa na hasira, na ningependa ungekuwa nayo. "Mimi nilidhani hujui," alisema. "Kila siku nilikuwa namfuata mtoto wa jirani anisomee daftari lake mpaka nilishike, ili nikifika nyumbani nikusomee, usije ukajua." Akavuta pumzi. "Ungeniambia, mama. Nisingechoka vile."